Silikanti anahisi kila kitu, ila jarife

Kwenye baraza la wavuvi hapa Kigombe kuna hoja inayopigwa kila anapotajwa silikanti, na naisikia hata kwa watu niliowafundisha baiolojia kwa mkono wangu. Hoja inakwenda hivi: samaki huyu ukoo wake umo baharini tangu miaka milioni 400 iliyopita. Madinosaria walikuja wakaisha, yeye akabaki. Papa wa kila namna wamemkuta na wamemwacha. Iweje leo amalizwe na uzi wa nailoni? "Mwalimu, samaki aliyewazika madinosaria utamlindia nini?" Kijana mmoja aliniuliza hivyo huku anashona jarife, wavu wa kutegea papa, waliokaa karibu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ni swali zuri kuliko anavyolijua mwenyewe. Jibu lake halimo katika historia ya dunia, limo puani mwa huyo samaki.

Mimi ni mzaliwa wa hapa, kijiji kilichobanwa kati ya mashamba ya mkonge na bahari, kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu, na kaka zangu ni wavuvi. Silikanti alipoanza kunaswa na wavuvi wetu, baada ya yule wa kwanza wa Tanzania aliyepatikana Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, wageni walimiminika: wataalamu kutoka Dar es Salaam, Wajapani, watu wa televisheni. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, kuanzia kaskazini ya mdomo wa mto Pangani mpaka kijiji cha Mafuriko, kaskazini kidogo ya jiji la Tanga, pamoja na visiwa vya Toten, Yambe na Karange. Tukawa watu wa samaki wa kale. Ila katika kumsifia ukongwe tumesahau kuuliza jambo dogo: huko chini yeye anajua nini, na anajuaje?

Nianze mbali kidogo, kwenye muhogo wa kuchoma. Ukiupasua katikati ukaupaka pilipili ya kusaga na ndimu, ulimi utakwambia unaungua. Weka kipimajoto mdomoni, hutaona joto lolote jipya. Kilichotokea ni kwamba kwenye ncha za mishipa ya fahamu ya ulimi kuna protini iliyopenya utando wa seli, upande mmoja nje, upande wa pili ndani, na katikati ina tundu ambalo kwa kawaida limefungwa. Joto likifika kiasi cha nyuzijoto 43, tundu hufunguka, chembe zenye chaji za sodiamu na kalsiamu huingia kwa kasi, na seli hupeleka mshtuko mdogo wa umeme ubongoni: moto! Sasa kemikali ya pilipili, kapsaisini, huishika protini ileile na kuifungua bila joto. Ubongo hauna njia ya kuuliza ni nani kafungua. Umeletewa habari moja tu, nao unaiamini.

Protini hiyo ni kipokezi kiitwacho TRPV1. David Julius na wenzake wa San Francisco walikitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vipokezi vya mguso. Kwetu habari hiyo ilipita kimyakimya na siwalaumu wahariri, kwa sababu wiki hiyohiyo Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alitangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi.

Nyuma ya jiko langu pana mche wa pilipili kichaa, na kuku wanaudonoa mpaka matawi ya chini hayana kitu. Si ushujaa wao. TRPV1 ya ndege huhisi joto kama yetu, lakini kapsaisini haiifungui, kwa hiyo kwao pilipili ni tunda kama tunda jingine. Mche ni mmoja. Mimi nalia, kuku anameza, na hakuna kati yetu anayesema uongo. Kipokezi hakimwelezi mwenye nacho kilichoko duniani. Kinamweleza kwamba kimefunguliwa, basi. Na kitu kisichokuwa na uwezo wa kukifungua, hata kiwe kikubwa kama meli, kwa mnyama yule hakipo.

Nilipokuwa darasani nilikuwa na mazoea ya kununua kichwa cha papa mnadani, nakiweka mezani juu ya gazeti, wanafunzi wanaziba pua. Nawaambia watazame chini ya pua yake na kuzunguka mdomo. Kuna vitundu vidogo, mamia, vilivyotawanyika kwa mpango. Bonyeza hapo, nawaambia. Kidole kikibonyeza, kila kitundu hutoa tone la ute mzito, mweupe wa kupenya macho. Kina mama wanaokata papa hapa Kigombe wanaujua ute ule siku zote. Hufutwa kwa kitambaa, kazi ikaendelea. Mtaliano Stefano Lorenzini alivieleza vitundu hivyo mwaka 1678 na jina lake limebaki navyo, lakini ilichukua karibu miaka 300 kujulikana vina kazi gani.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Adrianus Kalmijn, Mholanzi, kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1971. Alikuwa na papa mdogo mwenye njaa na samaki bapa mwenye tabia ya kujizika mchangani. Samaki alipojizika, papa alikwenda moja kwa moja na kumchimbua. Pengine kamnusa? Kalmijn akamfungia samaki ndani ya chumba cha agari, ile jeli inayotokana na mwani, inayopitisha umeme na kuzuia harufu, na maji yenye harufu akayatolea upande mwingine kwa mpira. Papa hakufuata harufu. Alichimba palepale alipo samaki. Kisha Kalmijn akatandaza juu ya agari utando mwembamba wa plastiki, ambao haupitishi umeme. Papa akaogelea juu ya chakula chake akapita zake. Mwisho akamwondoa samaki kabisa, akazika mchangani ncha mbili za waya zenye umeme hafifu kama wa samaki hai, na papa akazichimba kwa hamu ileile.

Msomaji ashike hilo la plastiki, nitalirudia.

Umeme huo si wa ajabu. Kila kiumbe hai kilichomo baharini huuvujisha. Moyo ukidunda, misuli ikijikunja, matamvua yakibadilishana chumvi na maji ya nje, umeme kidogo hutoka, na maji ya chumvi huusambaza. Papa anaweza kuhisi tofauti ya sehemu tano za bilioni za volti kwa kila sentimita. Chukua betri moja ya tochi, ya volti moja na nusu, ncha moja iwe Tanga na nyingine Durban, Afrika Kusini. Tofauti inayobaki kwa kila sentimita ya njia hiyo ndiyo kiasi chenyewe.

Na seli inafanyaje hapo? Chini ya kila kitundu kuna mfereji uliojaa ute, na mwisho wa mfereji kuna kifuko chenye seli za kupokea. Ute huleta umeme wa nje mpaka kwenye uso wa seli. Mwaka 2017 maabara ya yuleyule Julius wa pilipili, kwa kazi ya Nicholas Bellono na Duncan Leitch, ilieleza kinachoendelea ndani ya seli hizo kwa aina moja ya samaki aitwaye taa. Kuna milango ya kalsiamu ambayo hufunguka kwa badiliko dogo la umeme, dogo kuliko linavyohitajika kwenye seli nyingi nyingine. Kalsiamu ikishaingia hufungua milango ya potasiamu, potasiamu hutoka na kuirudisha seli ilipokuwa, kisha mambo yanaanza upya. Seli inayumba hivyo, juu na chini, muda wote. Umeme wa windo ukiigusa, kuyumba kule hubadilika, na kipimo cha kemikali ambayo seli humwagia mshipa wa fahamu ulio jirani, nacho hubadilika. Ubongo unasoma tofauti hiyo kutoka mamia ya vitundu kwa pamoja na kujua windo liko upande gani.

Mlango wa kalsiamu wa aina hiyohiyo umo masikioni mwetu. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele. Sauti ikivitikisa, matundu hufunguka, chaji huingia, mlango wa kalsiamu hujibu, kemikali humwagika, mshipa wa fahamu hubeba habari. Kila sikio lina seli hizo kiasi cha elfu kumi na tano, na binadamu hakupewa za akiba. Ikifa imekufa. Samaki, yeye, huotesha nyingine. Pwani hii ya Tanga wako wazee ambao ukiwaamkia lazima upaze sauti, na kila mtu anajua walikuwa wakivua kwa kitu gani. Baruti ni uvuvi pekee ninaoujua unaompasua samaki kibofu na kumwulia mvuvi masikio kwa pigo moja. Milio imepungua sana miaka hii, alhamdulillahi. Lakini matumbawe yaliyovunjwa hayakurudi kwa sababu baruti imenyamaza, na mvuvi ambaye changu wamemwishia kwenye mwamba wa karibu hakai nyumbani. Huenda nje zaidi. Huko nje ndiko jarife linakoshushwa kwenye kina, na ndiko anakokaa silikanti.

Nimemwona mmoja kwa karibu, amekwisha kufa, kabla hajatiwa barafu. Mwili wa rangi ya buluu iliyofifia kuwa kijivu, mabaka meupe, magamba magumu ya kukwaruza, mapezi yenye vikono kama anayetaka kutambaa. Watu walikuwa wakiyatazama mapezi. Mimi nilipiga magoti upande wa kichwa. Ukiachilia mbali pua zake za kunusia, sehemu ya mbele ya uso kuna matundu mengine, matatu kila upande. Ndani yake, katikati ya fuvu la mbele, kuna uwazi mkubwa uliojaa ute, na mifereji mitatu ya kila upande inatoka humo kuja kwenye matundu hayo. Sikuwa na haja ya kubonyeza kujua kitatoka nini. William Bemis na Thomas Hetherington waliuchunguza uwazi huo na mwaka 1982 wakaandika kwamba umbo lake na mishipa yake ya fahamu ni vya kiungo cha kuhisi umeme. Hakuna samaki mwingine aliye hai mwenye kiungo kilichoundwa namna ile.

Miaka mitano baadaye, 1987, Mjerumani Hans Fricke alishuka Komoro kwa nyambizi ndogo iitwayo Geo, akampiga picha silikanti akiwa hai nyumbani kwake. Mchana wanajibanza mapangoni. Usiku wanatoka, wanaachia mkondo uwachukue polepole kando ya mteremko, hawakimbizi kitu. Mara kwa mara mmoja hujipindua, kichwa chini mkia juu, akabaki hivyo kwa muda juu ya sakafu ya bahari. Fricke aliandika kwamba umeme hafifu uliotolewa majini ulimfanya samaki ajipindue vilevile. Kwa maneno mengine, anapiga pua chini kusikiliza nani amejificha.

Jicho lake nalo limeundwa kwa giza. Nyuma ya retina pana utando unaorudisha mwanga, kama wa paka. Ndani ya seli za jicho kuna protini, opsini, iliyoshika kipande cha kemikali kitokanacho na vitamini A, na kipande hicho kimejikunja. Chembe moja ya mwanga ikikipiga, kinanyooka. Opsini hubadilika umbo na kuziamsha protini nyingine nyingi, nazo huharibu maelfu ya molekuli zilizokuwa zikishikilia milango ya seli wazi. Milango inafungwa. Na hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakinikatalia kila mwaka: seli hii, ya kwetu na ya samaki, humwaga kemikali yake gizani, na mwanga ukifika hupunguza. Habari ya mwanga kwa ubongo ni kimya. Shozo Yokoyama na wenzake walipima opsini mbili za silikanti mwaka 1999 wakakuta moja inapokea vizuri mwanga wa nanomita 478 na nyingine 485. Ni buluu tupu, mwanga unaofika mita 200 chini pale rangi nyingine za jua zilipokwisha kumezwa na maji. Rangi nyingine hazimhusu, na hana pa kuzipokelea.

Sasa mweke mnyama huyu, na utajiri wake wote huo, mbele ya jarife.

Nailoni haina moyo wala matamvua wala misuli. Haitoi umeme wa kuhisiwa na kiungo chochote. Ni plastiki, ndugu ya ule utando wa Kalmijn ambao papa aliupita asijue chini yake kuna nini. Uzi safi wa nailoni hauna harufu ya kiumbe. Usiku, kwenye mita mia moja, hauna mwanga wa kurudisha. Silikanti ana pia mstari wa ubavuni wenye seli za vinywele, jamaa wa zile za masikioni mwetu, unaohisi maji yanayosukumwa na kitu kinachosogea. Lakini jarife limening'inia palepale, na macho yake ni mapana kiasi kwamba maji yanapita bila ugomvi. Yeye mwenyewe haogelei kwa kasi, anapepea na mkondo. Anafika. Pezi la kwanza linapita kwenye jicho la wavu, na mguso ndio habari ya kwanza anayopata. Imechelewa.

Tena nadhani mambo ni mabaya kuliko hapo. Jarife likishamnasa papa au taa anayehangaika, usiku kucha anatoa harufu na umeme wa misuli. Habari hiyo silikanti anaipata barabara. Anasoma: pana chakula mnyonge mahali pamoja, hakimbii. Vipokezi vyake vimemwambia kweli tupu, na kweli hiyo inampeleka kwenye wavu ambao havina la kumwambia juu yake.

Basi kijana wangu wa barazani, jibu ni hili. Nailoni ilitangazwa kwa umma huko Marekani mwezi Oktoba 1938. Tarehe 22 Desemba ya mwaka uleule, kwenye bandari ya East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji akamkuta kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi yule silikanti wa kwanza kujulikana na wanasayansi akiwa na nyama mwilini badala ya kuwa alama kwenye jiwe. Wameingia duniani pamoja, wavu na samaki, kwa tofauti ya miezi miwili. Wale papa wa kale unaowataja walikuwa na umeme, walikuwa na harufu, walisukuma maji. Silikanti alikuwa na kipokezi kwa kila kimoja. Miaka milioni 400 ilimfundisha viumbe. Hiki si kiumbe.

Mtu atasema: muda utamfundisha. Muda gani? Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Kélig Mahé walisoma alama za umri kwenye magamba, wakahitimisha kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba hukomaa akiwa na nusu karne hivi, na kwamba mimba yake huchukua kama miaka mitano. Kwa hesabu hiyo, tangu nailoni izaliwe, silikanti hajamaliza hata vizazi viwili. Jike aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni. Wavu mmoja, usiku mmoja. Na hawa wa kwetu hatuwezi kusema watajaziwa kutoka Komoro: utafiti wa Wajapani na Watanzania uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini ya Tanzania ni kundi lililojitenga kinasaba na wenzao.

Wako wanaopendekeza kuupa wavu sauti, yaani kuufunga kitu ambacho vipokezi vya samaki vinaweza kukipata. Wazo si la kupuuza. Huko Mexico na Peru taa za kijani zilizofungwa kwenye nyavu zimepunguza kasa wanaonaswa. Lakini mimi ni mtu wa Kigombe. Kila usiku wa giza naona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa baharini, na nazo zimewashwa ili kuita, si kufukuza. Taa ya buluu au kijani kwenye mita mia moja inaweza kuvuta ngisi, ngisi akavuta samaki, na silikanti, ambaye macho yake yametengenezwa kwa rangi hiyohiyo, akaja kuangalia shughuli. Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar au TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wangeweza kulijaribu kwa uangalifu. Kulifanya sera kabla ya jaribio ni kucheza kamari na mali ya watu.

Kuna njia isiyohitaji maabara. Silikanti wa Tanga wamekuwa wakinaswa kwenye majarife yaliyotegwa kati ya mita 50 na 150. Juu ya hapo ni nadra kwake kuwapo. Jarife lisivuke mita 50. Kwenye mteremko wa nje mvuvi atumie mshipi, ambao mtu anaushika mkononi, anajua kilichokamata, na akiona si chake anaweza kukata uzi. Mkono wa sheria upo tangu 1994, ilipopitishwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kinachokosekana barazani ni sababu ambayo mvuvi anaweza kuikubali. "Samaki wa kale" haijawa sababu. Kaka yangu mkubwa aliniambia waziwazi: "Dada, ukongwe hauliwi." Anayo haki, hasa ukizingatia kwamba nyama ya silikanti ina mafuta ya kuharisha na hainunuliwi na mtu. Akimnasa anapata hasara ya wavu uliochanika na maelezo ya kutoa. Lakini nilipomweleza habari ya plastiki ya Kalmijn, alinyamaza, akauliza kama papa aliiona baadaye. Hakuiona, nikamwambia. Akasema basi huyu wenu kaonewa.

Hayo ni maneno ya mtu aliyeishi kwa kutega. Mvuvi anaheshimu windo linaloweza kukwepa, na ndiyo maana hoja ya madinosaria inapendwa: inamfanya silikanti aonekane mpinzani wa kutosha. Si mpinzani. Hana kiungo hata kimoja cha kuijua nailoni, na hatakuwa nacho maishani mwetu wala maishani mwa wajukuu zetu.

Wenye mamlaka nao wasiishie kwenye katazo. Anayeacha jarife la kina anaacha mapato ya papa na taa, na mshipi na ndoana za kina zinagharimu fedha. Wanaobadilisha zana wabadilishiwe kweli, kwa zana zinazofika kijijini kabla ya msimu wa kaskazi, si kwa semina na posho. Ninyi mnaonunua papa mkavu Tanga, Muheza na Korogwe, muulizeni muuzaji alivuliwa kina gani, kwa wavu au kwa mshipi. Muuzaji anayeulizwa kila siku atamwuliza nahodha.

Na ndugu zangu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, ya Kigombe, pamoja na jirani zetu wa Tongoni, liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho: mita 50, mwisho wa jarife. Hakuna mashine ya kununua kwa hilo. Bildi ya kupimia kina ni kamba na kipande cha risasi.